Sashe "inayooza": tuulize inabaki nini

Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza masashe ya plastiki. Hata hivyo yangali sokoni. Mengine yameandikwa kwamba yanaoza, na mkristo anayependa kutii anajiuliza kama anaweza kuyanunua kwa dhamiri safi.

Tufahamu kwanza jambo lenyewe. Viwanda vinachanganya plastiki na dawa za namna mbalimbali. Kuna dawa zinazoondoa sumu kweli: katika mabomba ya maji ya PVC, viwanda vya Ulaya viliacha risasi kufikia mwisho wa 2015, vikaweka kalsiamu na zinki mahali pake. Hiyo ni faida ya wazi.

Lakini kuna dawa nyingine, chumvi za chuma, manganizi au kobalti, ile ile inayochimbwa kwetu Lualaba. Zinafanya sashe ikatike upesi kwa jua na joto. Macho yanaona sashe imetoweka. Kumbe imekuwa vipande vidogo sana vya plastiki ile ile. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulikataza plastiki za namna hiyo tangu Julai 2021.

Kwetu jambo hili ni zito. Huko Bukavu, mvua inasukuma takataka kutoka milimani mpaka ziwa Kivu, zinafika kwenye mitambo ya Ruzizi na umeme unakatika. Sashe nzima tunaweza kuiokota siku ya salongo. Vipande vyake hakuna atakayeviokota. Vitabaki katika maji na katika shamba.

Tusimhukumu mama anayefungia unga au chumvi katika sashe ndogo ili watoto wake wapate kula. Yeye hana kiwanda wala lori la kuvukisha mpaka. Sheria inayomnyang'anya yeye na kumwacha mwenye mzigo mkubwa haijatenda haki.

Basi, katika arusi, matanga na mikutano ya kanisa, tuanze sisi: kitunga, majani ya migomba, sahani za kuosha. Na muuzaji akisifu sashe yake, tumuulize: inageuka udongo, au inageuka vipande? Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Kuficha uchafu si kuitunza.