Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Wako watu ambao, wakinunua tiketi ya konseti ya muziki wa roki, hulipa usiku mzima kisha wakasikiliza nusu yake tu. Saa iliyoandikwa katika tiketi hawaijali. Huulizana, "Bendi yenyewe itapanda saa ngapi?" nao hufika saa hiyo, baada ya bendi moja au mbili kwisha kupiga na kuteremka. Na baadhi ya wale wafikao mapema hufanya vibaya zaidi, maana huwazomea wapigaji wa kwanza ili wamalize upesi. Neno langu ni kwamba desturi hii haifai, si ng'ambo wala hapa skulini kwetu.

Kwa wasomaji ambao hawajaona konseti ya namna hiyo, yafaa nieleze mpango wake. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani kwanza hupanda watangulizi, yaani bendi isiyojulikana sana, nao hupewa dakika 30 hadi 45 hivi. Kisha taa huwashwa, vyombo hubadilishwa, watu hunywa na kuzungumza, ndipo ipande bendi kuu, ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa katika matangazo.

Mtangulizi hana raha. Aghalabu ngoma za bendi kuu zimekwisha kupangwa jukwaani na kufunikwa kitambaa, naye hubanwa mbele yake katika nafasi nyembamba. Bendi kuu hujaribu vyombo na vipaza sauti kwanza, na mtangulizi hupata muda uliobaki, ikiwa umebaki. Ujira wake ni mdogo. Tena ziko bendi ambazo kampuni zao za santuri zimetoa fedha ili zipate nafasi ya kutangulia tu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mtangulizi hachezi kwao. Acheza uani kwa mwenziwe, mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya mwingine.

Natuwatazame watangulizi watatu. Wa kwanza ni mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akapelekwa skuli ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi, na huko akapiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Lakini mwisho wa mwaka 1973 bendi yake, Queen, ilizunguka Uingereza ikiwa mtangulizi wa Mott the Hoople, na mwaka 1974 ikawafuata hata Marekani kwa kazi ile ile. Aliyechelewa kufika usiku ule alimkosa Freddie Mercury, naye hakujua amekosa nini.

Wa pili ni Jimi Hendrix, fundi wa gitaa. Julai 1967 alitangulia mbele ya The Monkees, bendi iliyopendwa sana na watoto kwa sababu ya mchezo wake wa televisheni. Wasikilizaji wengi walikuwa wasichana wadogo, nao walipiga kelele kuwaita wapenzi wao hali yeye akipiga. Haukuisha mwezi akaiacha safari ile. Miaka miwili baadaye, asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, ndiye aliyefunga tamasha kubwa la Woodstock.

Wa tatu ni Prince. Oktoba 1981 alitangulia mbele ya The Rolling Stones katika uwanja wa Coliseum mjini Los Angeles. Watu walimzomea na kumtupia vitu hata akateremka kabla ya wakati wake. Mwaka 1984 alitoa Purple Rain, nayo ikakaa majuma 24 katika nafasi ya kwanza ya santuri za Marekani.

Yafaa tufikiri juu ya wazomeaji wale wa Los Angeles. Hawakuwa watu wasiopenda muziki, maana walitoa fedha zao wakaenda kuusikiliza. Kosa lao ni kuwa walikwisha kuamua kabla ya kusikia. Sikio lililokwisha kuamua ni kama mlango uliofungwa kwa ndani: hata mgeni mwema hawezi kuingia.

Labda mtu atasema, "Lakini watangulizi wengi si akina Hendrix. Wengi hupiga vibaya, nao husahauliwa." Ni kweli, wala sibishi. Basi tusiwasikilize kwa tamaa kwamba siku moja watakuwa wakubwa nasi tutajivuna kuwa tuliwaona. Hiyo si heshima, ni kama kununua tiketi ya bahati nasibu. Tuwasikilize kwa kuwa wamesimama mbele yetu wakifanya kazi waliyoitiwa. Asiyependezwa ana haki yake: asipige makofi. Kunyamaza ni hukumu tosha, tena ni hukumu ya kiungwana.

Zaidi ya hayo, achelewaye hujipunja mwenyewe. Tarehe 15 Agosti 1965 watu zaidi ya 55,000 walikwenda uwanja wa Shea mjini New York kuwaona The Beatles. The Beatles wenyewe walipiga muda wa nusu saa tu, na kelele za watu zilikuwa kubwa hata nyimbo hazikusikika vizuri. Kabla yao walipanda wengine kadha wa kadha, akiwamo King Curtis, mpigaji saksafoni hodari. Aliyekwenda kwa ajili ya ile nusu saa tu alirudi nyumbani na kelele masikioni.

Sasa nirudi kwetu. Katika konseti yetu ya mwisho wa muhula wadogo wa Kidato cha Kwanza ndio watangulizi. Hupewa gitaa lenye nyuzi pungufu na kipaza sauti kinachokoroma, kisha wakubwa hugonga viti wakiita bendi ya Kidato cha Sita. Na viti vya mbele, tulivyowawekea wageni wetu wanafunzi wa zamani, huwa vitupu, maana mabwana hao bado wanakunywa chai kwa mwalimu mkuu. Mtoto wa miaka kumi na minne akizomewa mara moja mbele ya skuli nzima, yawezekana asishike gitaa tena. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lo lote.

Kwa hiyo natoa shauri la mambo matatu. Wadogo wapewe vyombo vile vile vya wakubwa na dakika 20 zisizokatwa. Majina yao yaandikwe katika karatasi ya mpango wa usiku kwa herufi sawa na za wengine. Na milango ifungwe wakianza, ifunguliwe wakimaliza, hata kama anayebisha hodi ni mwanafunzi wa zamani mwenye tai na gari. Chai itangoja. Mwanzo wa ngoma ni lele, na asiyetaka kuisikia lele asidai kuwa ameiona ngoma.