Tende Ndani ya Kopo la Rangi

Swali la wiki hii: utamwelezaje bibi, kwa Kiswahili, kwamba kazi yako ya maabara ni kutengeneza chembe za polima zenye kiini na ganda? Usihame lugha. Anza na tende.

Pakiti ya tende ikikaa kabatini, tende zinashikana mpaka zinakuwa bonge moja. Nyama ni laini, inaungana. Kokwa zinabaki ngumu, kila moja mahali pake. Rangi ya maji iliyotengenezwa vizuri inafanya hivyohivyo ukutani.

Ndani ya kopo kuna chembe za plastiki zinazoelea. Maji yakikauka, lazima ziungane ziwe utando mmoja. Zikiwa ngumu haziungani, rangi inapasuka. Zikiwa laini zinaungana, ila ukuta unanata na kushika vumbi. Dawa ya zamani ilikuwa kuzilainisha chembe ngumu kwa viyeyusho ambavyo baadaye hupaa hewani, hewa hiyohiyo mnayovuta chumbani. Umoja wa Ulaya ukabana: tangu 2010, rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani isizidi gramu 30 za kemikali zinazopaa kwa lita.

Ndiyo maana tunataka tende. Kiini cha polistaireni, gumu mpaka karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Ganda lenye butili akrileti kwa wingi, ili liwe laini kwenye joto la kawaida la chumba.

Mapishi yake: maji, sabuni kidogo, staireni na kianzishi, kwenye nyuzi 70 hadi 80, nitrojeni ikiifukuza oksijeni. Viini vikiwa tayari, unadondosha malighafi ya ganda taratibu, kwa saa kadhaa. Ukiharakisha, zinaweza kuzaliwa chembe mpya zisizo na kiini. Nyama bila kokwa!

Utajuaje umefaulu? Kwanza pima ukubwa kwa mwanga wa leza. Kiini cha nanomita 100 kikivishwa ganda la ujazo sawa na wake, kipenyo kinafika kama 126 tu, si 200, kwa sababu kilichoongezeka maradufu ni ujazo. Likitokea kundi la pili la chembe ndogo, kuna kasoro. Pili, pasha sampuli joto polepole: inalainika mara mbili, ganda kwanza, kiini baadaye. Lakini hata chembe za aina mbili zilizochanganywa tu zitafanya hivyo. Kwa hiyo malizia na hadubini ya elektroni. Staireni ikitiwa dawa ya kuikoleza, kiini kinaonekana cheusi ndani ya ganda jeupe.

Kiini, ganda, chembe, utando: bibi anayajua yote. Sasa mjaribu, halafu mwache aulize. Akisema, "Na kokwa zikizidi nyama je?", amegusa penyewe: utando utapasuka. Tuandikie alichokuuliza wa kwako.