Tusifunge mfumo wa supapu kwa kuchomelea

Wenye magari wa Kasongo na Nyangwe, tuwe macho. Toyota nyingi zilizokwisha kutumika zina VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa supapu kufunguka, kwa nguvu ya mafuta ya moteri. Mafuta yakichafuka, kichujio chake kidogo huziba: moteri hutetemeka, taa huwaka.

Fundi akikuambia ang'oe waya wa mfumo huo au achomelee gia yake isizunguke, kataa. Bila waya, gari hupoteza nguvu na linaweza kula esanse zaidi. Kuchomelea ni hatari zaidi, kwani lazima mnyororo wa ndani ufunguliwe. Ukirudishwa vibaya, hata kwa meno machache, katika moteri nyingi pistoni hugonga supapu. Gari lenye mgonjwa litazimika njiani, mbali na hospitali.

Dawa ni vidanji kila kilomita 5,000, mafuta ya aina inayotakiwa na kichujio kisafishwe. Tuwalipe mafundi wetu wasafishe, si wafiche ugonjwa. Bidoni ya mafuta ni rahisi kuliko moteri nyingine, na haiwezi kulinganishwa na uhai wa abiria.