Mshenga na Mwenye Duka

Jiulize: anayekutafutia mchumba hufaidika lini? Kwa desturi ya pwani yetu, hadi Mocímboa da Praia na Palma, mshenga hupata heshima ndoa ikifungwa. Akisema uongo, aibu humfuata hadi barazani. Programu kama Tinder, iliyoanza mwaka 2012, hufaidika ukiendelea kutafuta: hukuuzia uanachama wa kila mwezi, na mkioana hupoteza wateja wawili. Vita vilivyoanza mwaka 2017 vimewatawanya wazee wanaojua koo za watu. Kijana aliyekimbilia Pemba amebaki na simu. Simlaumu yeye. Nailaumu biashara inayoufuga upweke wake ili iukamue. Itumie ukipenda, lakini usimkabidhi mwenye duka kazi ya mshenga.