Mwalimu Asiiachie Kamera Darasa

Majengo, kama kwingine Goma, kuna imani ambayo watu hawaijadili tena: picha haisemi uongo. Wazazi wanaisema, vijana wanaisema, na baadhi ya walimu wa historia nao wameipokea. Ukilalamika kwamba watoto wanakariri 1885, 1908 na 1960 bila kuelewa kitu, unajibiwa palepale: waonyesheni filamu za habari za zamani, wajionee wenyewe. Basi kompyuta inawashwa, mfalme anapunga mkono, watu wanashangilia, kengele inalia, na somo linahesabiwa kuwa limefundishwa.

Mimi napinga. Filamu ya habari ni shahidi mwenye upande wake. Shahidi wa namna hiyo haachwi aseme peke yake halafu kesi ikafungwa; anahojiwa. Darasa linalomtazama bila kumhoji halijajifunza historia. Limefundishwa kuamini tu.

Chukueni filamu ya Desemba 1960, ambayo leo mtoto yeyote mwenye simu anaweza kuipata. Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, amekamatwa akijaribu kufika Stanleyville, amerudishwa Léopoldville kwa ndege, na kamera za wageni zinamsubiri. Yuko nyuma ya lori, shati jeupe, mikono imefungwa mgongoni. Askari anamshika nywele na kumwinua kichwa ili uso uonekane vizuri. Mwingine anamsukumia kinywani karatasi iliyokunjwakunjwa. Lumumba hasemi neno.

Sasa muulizeni mwanafunzi ameona nini. Ameona askari Wakongo wakimtesa Mkongo mwenzao. Wengine hawamo kwenye picha, kwa hiyo atasema anachokiona: tulimuua wenyewe, Wazungu walikuwa watazamaji. Lakini Januari 17, 1961, Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipopigwa risasi Katanga, maofisa Wabelgiji walikuwapo, na hakukuwa na kamera. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji lenyewe ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili kwa yaliyotokea, na Februari 2002 serikali yao ikaomba radhi. Hayo hayamfutii hatia Mobutu, mkuu wa jeshi, wala Tshombe, kiongozi wa Katanga. Ila yalifahamika kwa kupekua nyaraka na kuwasikiliza mashahidi. Kwenye filamu ile hayamo. Mtoto aliyeishia kwenye filamu ameondoka na nusu ya ukweli, na nusu hiyo inamfundisha kujidharau.

Filamu za ukoloni ni hivyo hivyo. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipozuru Kongo, André Cauvin alitengeneza filamu ya safari hiyo na kuiita Bwana Kitoko. Umati ulioshangilia ulikuwapo kweli, hakuna aliyeuchora. Lakini watu wale hawakuwa na haki ya kumchagua hata kiongozi wa mtaa wao. Uchaguzi wa kwanza wa miji ulifanyika Desemba 1957, tena Léopoldville, Élisabethville na Jadotville tu. Serikali ya kikoloni iliyopenda kuwapiga picha Wakongo ilikuwa imeweka, tangu 1936, sheria ya kuwazuia kutazama filamu ambazo hazikupitishwa kwa ajili yao. Mwanafunzi asipoambiwa hayo, ataona furaha na kudhani ni ridhaa.

Na tusidhani hii ni habari ya mababu peke yao. Julai 1994 dunia nzima iliitazama Goma. Mamia kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, kipindupindu kikaanza, miili ikafungwa kwenye mikeka na kulazwa kandokando ya barabara, kwa sababu ardhi yetu ya mawe ya volkano haichimbiki kwa jembe. Wanajeshi Wafaransa walichimba makaburi kwa tingatinga. Picha hizo ni za kweli, na wazazi wa Majengo waliokuwapo wanaweza kuzithibitisha.

Lakini kamera zilifika kwa wingi baada ya watu kuvuka. Kati ya Aprili na Julai, Watutsi walipokuwa wakiuawa kwa mpango katika mauaji ya kimbari, ni picha chache mno zilizochukuliwa. Kwa hiyo filamu za Goma zinaonyesha mateso bila chanzo chake. Hazimwonyeshi mtazamaji kwamba katika umati ule, pamoja na akina mama na watoto wasio na kosa, walikuwamo wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe walioua, na kwamba viongozi wao ndio walioshika madaraka katika kambi kama Mugunga na Kibumba. Wala hazimsikilizi mwenyeji wa Goma ambaye shamba lake na kisima chake viligeuka kuwa vya umma kwa usiku mmoja. Vita vilivyofuata 1996, na vilivyotufuata hadi leo, havieleweki bila hayo.

Nitaambiwa kwamba tatizo ni vifaa: umeme hakuna, projekta hakuna. Ni kweli shule nyingi hazina. Ila mwaka 2014 British Pathé, hifadhi ya filamu za habari za zamani, iliweka filamu zake 85,000 kwenye YouTube bure, na mwalimu mwenye mega chache kwenye simu anazifikia. Mkituletea projekta kesho bila kubadilisha namna ya kufundisha, tutakuwa tumeukuza uongo ukutani.

Sisemi filamu zifungiwe. Wanaotaka zifutwe kwa kuwa ni za mkoloni nao wanakosea, maana hapo tunapoteza ushahidi. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba Juni 30, 1960, Lumumba alimwambia mfalme kuwa sisi si nyani wenu tena. Rekodi ya hotuba yake haina maneno hayo. Alisema mengine, mazito kuliko hayo, juu ya kazi ya shuruti, matusi na vipigo. Kumbe rekodi ikisikilizwa vizuri inasahihisha hata hadithi tunazozipenda.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Onyesha filamu mara ya kwanza bila sauti, wanafunzi waandike wanachokiona. Kisha fungulia sauti, wasikie msimulizi anavyowaelekeza cha kufikiri. Simamisha picha na uulize: nani ameshika kamera? Nani amelipa? Nani anaonekana ila hapewi nafasi ya kusema? Nani hayupo kabisa? Halafu watume nyumbani wakawaulize babu na bibi, warudi na majibu, wayalinganishe. Mtengenezaji filamu wetu wa hapa Goma, Petna Ndaliko Katondolo, amezipitia upya picha za mkoloni katika filamu yake Kapita. Walimu wetu wana mfano nyumbani. Hawana haja ya kusubiri mtaalamu kutoka Brussels.

Hili si jambo la mtihani wa taifa tu. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, simu zetu hazijapumzika. Video ya mwaka mwingine inatumwa kama ya leo asubuhi, video ya nchi nyingine inaitwa Sake au Masisi, na watu wanachukiana, wanakimbia, wanalipiza kisasi kwa sababu yake. Kijana aliyezoeshwa darasani kwamba picha haisemi uongo ndiye wa kwanza kuisambaza. Aliyezoeshwa kuuliza nani amepiga, lini na wapi, anaweza kuokoa jirani yake.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa shule na mainspekta: msimsifu mwalimu kwa sababu ameonyesha filamu, msifuni kwa maswali yaliyofuata. Wazazi, mtoto akija na swali kuhusu 1994 au 1996, mjibuni, hata kama linauma. Na wewe mwalimu, usikubali kukaa kimya filamu inapoanza. Hapo ndipo kazi yako inapoanza.