Rangi Haizai Mwanga

Ukuta uliopakwa rangi hurudisha sehemu tu ya mwanga ulioufikia. Rangi nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80, buluu iliyokolea hurudisha kidogo sana, na gizani zote mbili ni sawa. Hata hivyo imeenea imani kwamba chumba kisicho na dirisha, kiwe chini ya ghorofa jijini Nairobi au cha mabati matupu katika nyanda kame za kaskazini, hugeuka mahali pazuri pa watoto kuchezea kikichorwa twiga na herufi ukutani, kisha kikatundikwa balbu. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni watoto wa miaka minne na mitano.

Huko Oldonyiro, wadi ya magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, hakuna haja ya vyumba vya chini ya ardhi. Chumba cha giza cha maeneo kama hayo ni kile cha mabati chenye mlango mmoja na kidirisha kinachofungwa kuzuia vumbi. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto, kwa hiyo uamuzi wa jinsi vyumba hivyo vinavyojengwa hufanywa karibu na wananchi. Kosa linaloweza kuepukwa hapo halina udhuru.

Balbu haitatui tatizo la giza hilo. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Katika darasa la mita 7.5 kwa 6, hata kama mwanga wote ungefika sakafuni bila kupotea, kila mita ya mraba ingepata lumeni zisizofika 18, yaani chini ya laksi 18. Nje, jua la adhuhuri karibu na ikweta hufika laksi 100,000, na kivuli cha mgunga bado huwa na maelfu. Hakuna kopo la rangi linaloziba pengo hilo. Fedha zinazotumika kumlipa mchoraji ni afadhali zitumike kukata dirisha ukutani.

Wasamburu wa Oldonyiro hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Nyumba anayoijenga mama kwa fito na kukandika samadi ni ya giza, tena kwa makusudi: ni ya kulala, kupikia na kujikinga na baridi ya usiku. Hakuna aliyeifanya uwanja wa michezo. Mtoto hucheza nje, ndani ya boma au chini ya mti, akipanga kokoto kuwa ng'ombe na mbuzi, akiwajengea zizi la vijiti, akiwahamisha kutoka malisho hadi maji. Mchezo huo unataka nafasi na macho yanayoona mbali. Darasa la mabati lilichukua giza la nyumba ya kulala na kulifanya mahali pa kushinda mchana, likaongeza joto ambalo nyumba ya samadi haina.

Macho nayo yana hoja yake. Huko Guangzhou, China, shule za msingi 12 zilishiriki utafiti ulioanza 2010, ambapo nusu yake ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, dhidi ya 39.5 katika nyingine. Hata dirisha lenye kioo halichukui nafasi ya kutoka nje, kwa kuwa kioo huzuia miale inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni uwanja wenye kivuli: miti iliyopo ilindwe, na pasipo na mti paezekwe banda lisilo na kuta. Chumba kibaki cha kukimbilia mvua na upepo mkali, na kifunguliwe ipasavyo. Oldonyiro jua hupita karibu na utosi, likielemea kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi na kusini kuanzia mwishoni mwa Septemba. Madirisha yakae basi kwenye kuta za kaskazini na kusini, chini ya upenu mpana. Yale ya mashariki na magharibi huingiza joto la jua la pembeni. Paani, bati moja au mawili yapishe karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga. Pasipo na fedha, chupa ya plastiki iliyojazwa maji na klorini kidogo, ikapenyezwa kwenye bati na kuzibwa vizuri, hutawanya mwanga wa jua chumbani. Fundi Alfredo Moser wa Brazil aliibuni mwaka 2002.

Hofu ya wezi ni ya kweli, lakini jibu lake ni vibao vya kufungwa usiku na kufunguliwa kabla watoto hawajaingia. Nondo si jibu. Katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 ulitaka madirisha yasiyo na vyuma, yanayofunguka kwa urahisi. Chumba kisicho na dirisha kabisa ni kibaya zaidi ya kile cha nondo.

Rangi huja mwisho: nyeupe au maziwa juu ya ukuta na darini, ili mwanga ulioingia usambae, na picha chini, usawa wa macho ya mtoto.