Katuni Ikiisha, Leteni Boksi

Wazazi wenzangu, walezi, na nyinyi mabibi mnaoshinda na wajukuu mchana kutwa: mtoto akishamaliza katuni yake, msimpokonye simu mkaishia hapo. Mpeni boksi la makorokoro.

Nina sababu. Tarehe 8 Machi 2021 YouTube ilianza kuonyesha Super Sema, katuni ya kampuni ya Kukua ya Nairobi. Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu, na sauti ya Mama Dunia ni yake. Shujaa ni Sema, binti wa miaka 10, ambaye yeye na pacha wake MB hukilinda kijiji chao, Dunia, dhidi ya Tobor, roboti mkatili anayetaka kila mtu awe chini yake. Sema hakuumwa na buibui wala hakushuka kutoka sayari nyingine. Anamshinda Tobor kwa sayansi, teknolojia na ubunifu, yaani kwa kuunda vitu.

Sasa mtazameni mtoto wa miaka mitano baada ya kumwona shujaa yeyote. Kanga ya mama inafungwa shingoni, kochi linageuka mlima, na sisi tunafoka, “We, shuka hapo!” Anaiga, basi. Akimwiga shujaa anayepaa, ataruka. Akimwiga Sema atatafuta kitu cha kuunganisha, na nyumba nyingi siku hizi hazina: makopo yametupwa, vizibo vimefagiliwa, na gari la dukani halikubali kugeuzwa kuwa kitu kingine. Sisi tuliochonga matairi kwenye ndala kuukuu tunajua wanachokosa.

Ombi langu ni kila mtaa uwe na boksi lake. Likae chekechea, madrasa, kanisani au ofisi ya serikali ya mtaa, popote penye kivuli na mtu mzima wa kuangalia. Mafundi cherehani, tupeni vipande vya vitambaa. Maseremala, mbao ndogo zilizopigwa msasa. Wenye maduka, maboksi. Mafundi redio, spika zilizokufa, ila betri kuukuu bakini nazo, na viwembe, misumari na vioo visikaribie kabisa. Vizibo na vitu vingine vya kumezeka wekeni mbali na wadogo wa chini ya miaka 3.

Mwenye televisheni kubwa na moyo wa kupokea watoto kumi sebuleni ajitokeze, bando tutachangia. Wavulana nao waje. Hakuna sheria kwamba binti shujaa ni wa kutazamwa na mabinti tu. Kaeni nao mtazame pamoja, kisha ulizeni, “Wewe ungetengeneza nini kumzuia Tobor?” Halafu nyamazeni. Hili la mwisho nawaambia hasa akina baba, maana nawajua: mtoto anaanza kujenga, baba anachukua “amsaidie kidogo”, na baada ya nusu saa baba ndiye anayecheza. Kikianguka, mwacheni mtoto akiinue mwenyewe.

Tuanze Jumamosi hii, saa nne asubuhi, na vilivyopo. Gundi msinunue: unga wa ngano ukikorogwa kwa maji jikoni mpaka uwe mzito unashika karatasi na maboksi vizuri tu.